Muhogo Unaoitwa Amisse

Namirupa, 26 Septemba 2004

Mjomba Amisse,

Asalaam alaikum. Siku uliponinunulia sare ya shule uliniapisha mbele ya Mama kwamba nitakuandikia kila jambo la nyumba hii, tamu na chungu, bila kupunguza wala kuongeza. Nashika kiapo changu. Leo nakuambia yote.

Mjomba, Mama amelichoma shamba la nyuma. Lile lenye muhogo wako.

Jumatatu asubuhi alijipaka usoni msiro wake mweupe wa mti kama anayekwenda harusini, akanipa jembe, akasema, "Ng'oa, usiulize." Tukang'oa. Ukiutazama muhogo kwa nje ulikuwa mzuri, mnene, ngozi safi. Mama akakata wa kwanza. Ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, mkavu kama gome. Akakata wa pili, akakata na mwingine. Palipokuwa na kipande cheupe alikikata akakitia kikapuni. Miti yenyewe, ile mirefu ambayo wewe ulikuwa ukisimama kando yake ili upimwe, aliilaza yote akaitia moto.

Moshi ukawaita watu. Mama Mkubwa Zaquia alikuja mbio, kanga moja begani na nyingine mkononi.

"Ancha! Umerukwa na akili? Unachoma chakula na mvua hata haijanyesha?"

"Nachoma kuni, dada."

"Kuni za Amisse?"

Mama alisukuma moto kwa mti mrefu, basi.

Alhamisi Dona Felismina, yule bibi shamba mwenye pikipiki, aliitisha mkutano kwenye banda la kina mama lenye mashine ya kukatia muhogo. Alikuwa na mizizi iliyokatwa ndani ya beseni. Akatuambia ugonjwa huo ni wa michirizi ya kahawia, na kwamba majani yanaweza kukaa kijani huku chini kunaoza. Akasema husafiri ndani ya pingili, vile vijiti vya kupandia. Mtu akimpa mwenziwe pingili zenye ugonjwa, amempa na ugonjwa. Kisha akauliza, "Huu wa hapa ulitoka kwa nani?"

Wengine wakatazama chini, wengine wakatazama paa. Mama akainuka akasema, "Kwangu. Mimi ndiye niliyewagawia."

Basi! Ungesikia maneno. Wakasema mkono wa Ancha ni mbaya, kila unachokishika kinaoza. Wakasema Amisse alileta kitu kizima kutoka pwani, dada yake akakiharibu. Bi Nassabe alisema hata akisalimiwa na Mama atampa mkono uliofunikwa kanga. Dona Felismina aliwaambia wang'oe kila shamba kabla ya mvua, nao wakamjibu, "Wa Ancha ndio mgonjwa. Wa kwetu una majani." Wakaenda zao.

Mama alirudi nyumbani akaendelea na kazi. Unaukumbuka ule muhogo mchungu wa Bibi, ulioachwa pembeni karibu na mkorosho kwa sababu hautafuniki? Haukuoza hata mmoja. Mama ameuhamia huo. Anaumenya, anaupitisha kwenye mashine unatoka vipande vyembamba, anauanika unakauka upesi kuliko makopa yetu ya zamani. Akishatwanga hapiki ugali hapohapo. Anaulowanisha ule unga, anautandaza mwembamba juu ya mkeka na kuuacha kivulini ili sumu yake itoke kwa hewa. Ndipo anapika. Majirani wanapita wanamtania, "Ancha, mgonjwa wako ameamka?" kwa kuwa unga umelazwa mkekani. Naye anajibu, "Ameamka, anawasalimu." Mjomba, mimi nikitaniwa shuleni hulia. Sijui yeye hupata wapi majibu.

Mama Mkubwa amemwomba pingili za huo mchungu. Mama amemwambia atampa siku atakapong'oa muhogo alio nao, si kabla. Mama Mkubwa ameondoka akisema jambo hilo litafika Nacala. Nikaona bora lifike kwa mkono wangu.

Sielewi kila kitu, lakini najivunia Mama yangu. Nijibu kwa Ossufo akipita na lori.

Mpwa wako mtiifu,
Muaija


Nacala, 8 Oktoba 2004

Kwa mpwa wangu Muaija,

Waalaikum salaam. Mwandiko wako ni mzuri, unasomeka hata na mimi ambaye miwani yangu imekaliwa na mlinzi mwenzangu, mtu mnene sana. Niliisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Haikuwa habari mpya. Ossufo alikutangulia. Alishuka kwenye lori akicheka hata mbele ya makuli: "Mzee Amisse, dada yako amekuchoma! Mimi nimekuona unaungua kwa macho yangu, na hukupiga hata kelele!" Makuli wote wakacheka. Tangu siku hiyo kila nikiingia ghalani wananiuliza kama nimeshapoa.

Sasa nisikilize vizuri, na umsomee mama yako polepole, asiseme hakusikia.

Mimi nimeoa mara mbili na Mungu hakunipa mtoto. Silalamiki. Lakini nilipoleta zile pingili na watu wakaona mihogo mikubwa kama mapaja, mitamu ya kutafuna hata bila moto, walianza kuuita Amisse. Mtoto anatumwa, "Nenda ukamlete Amisse mmoja." Bibi kizee anasema, "Leo tumelala na Amisse," na mumewe anacheka. Mwanadamu anaacha nini duniani? Wenzangu wameacha watoto. Mimi nimeacha muhogo. Dada yangu ameuchoma. Na hayo madoa ya yule bibi wa pikipiki siyaamini, muhogo wenye majani ya kijani hauumwi.

Na hilo la kunyima pingili! Tangu lini? Chumvi tutanyimana, moto tutanyimana tukigombana, lakini mtu wa ukoo wetu hajawahi kunyima pingili. Anayekuja kuomba pingili amekuja kuomba kuishi mwaka ujao. Hata adui yako unampa, kisha mnaendelea na uadui wenu. Ancha analijua hili. Aliyetufundisha ni mama mmoja.

Idi nitakuja. Nitaketi na wazee, nitamwuliza mbele yao swali moja tu: muhogo wangu ulimkosea nini? Akiwa na jibu, tutakula pamoja. Akiwa hana, shamba la nyuma nitalitia mikononi mwa Zaquia, ambaye angalau anajua kuheshimu kitu cha kaka yake.

Wewe soma, mtihani umekaribia. Gomvi la wakubwa lisikupotezee hesabu.

Mjomba wako,
Amisse


Namirupa, 17 Oktoba 2004

Kaka yangu Amisse,

Ni mimi Ancha ninayesema. Muaija anaandika.

Nakusalimu na Ramadhani. Nimesomewa barua yako yote, nimesikia. Umeuliza muhogo wako ulinikosea nini. Haukunikosea kitu, kaka. Ulikuwa muhogo mzuri.

Walioharibu ni nguruwe mwitu. Waliingia shambani wakachimbua, wakala, wakavikanyaga vilivyobaki, ndiyo madoa aliyoyaona mtoto. Kwa kuwa mwezi mtukufu ulikuwa unakaribia sikutaka kula kilichoguswa na nguruwe, nikakitia moto. Moshi ndio walioona watu. Watu wakiona moshi husema mengi.

Kuhusu Zaquia, tuligombana ugomvi wa dada na dada. Utapita.

Shamba ni la ukoo, na wewe ndiwe unayesema kwa niaba ya ukoo. Ukiona alichukue Zaquia, nitalisafisha kwanza nimkabidhi likiwa safi. Usije na hasira. Njoo ufuturu.

Kikohozi chako kikoje? Usilale karibu na mlango wa ghala, upepo wa bahari unaingia kifuani.

Dada yako,
Ancha (alama ya kidole chake)

Mjomba, barua hii ni mkono wangu na maneno ya Mama. M.


Nacala, 29 Oktoba 2004

Dada yangu Ancha, na wewe mwandishi wake,

Nguruwe!

Mbona hamkusema tangu mwanzo, badala ya kuniandikia habari za ugonjwa? Nimekaa majuma mazima na jiwe moyoni, kumbe ni nguruwe! Nilipomsomea Ossufo alikuna kichwa, akasema hajasikia nguruwe Namirupa tangu watu walipokata msitu wa kule bondeni. Nikamwambia, wewe unajua barabara, nguruwe utawajulia wapi? Dada yangu hajawahi kuniongopea tangu tulipokuwa tukilala mkeka mmoja.

Nisamehe kwa maneno ya ile barua. Mtu mwenye hasira huandika kwa hasira.

Sasa sikiliza jinsi kaka yako alivyotengeneza. Nimekwenda kwa yule yule mzee wa karibu na mashamba ya chumvi aliyenipa pingili za kwanza. Nikamwambia, "Watoto wangu wameliwa." Akacheka, akanikatia mzigo mzima, bila kutaka chochote, kama ilivyo desturi. Ossufo anakuletea, amefunga kwa kamba nyekundu ili usipotee. Ni mwingi. Gawia kila nyumba kabla ya mvua, uanze na Zaquia ili mpatane, na Bi Nassabe umpe hata kama anapokea kwa kanga. Waambie Amisse amerudi. Shamba lako lizungushie miiba, nguruwe hawapendi.

Huku hatujambo. Kikohozi kimepungua. Juzi nimegombana na tajiri mmoja. Alileta korosho, gunia lake moja lilikuwa na fukusi, akataka nilifiche katikati ya mazuri. Akaniambia, "Mzee, unajua jina lililoandikwa hapa ni la nani?" Nikamwambia, ghalani kwangu gunia lenye fukusi linatoka, hata liwe na jina la nani, kwa sababu fukusi hawasomi majina. Vijana wakanipigia makofi. Mkuu wa ghala amesema anataka maneno hayo yaandikwe ukutani.

Idi nitakuja na kitambaa cha Ancha na kalamu za Muaija. Sitaketi na wazee. Nitatembea shamba kwa shamba nijione nikichipua.

Wenu,
Amisse


Namirupa, 6 Novemba 2004

Mjomba Amisse,

Asalaam alaikum. Niliapa kukuambia yote, na barua iliyopita niliandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa uongo wa Mama, lakini wino ulikuwa wangu. Leo Mama hajui kwamba naandika. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kufanya jambo ambalo amenikataza. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujasimama.

Nguruwe hawakuwepo.

Mzigo wako umefika Jumanne. Ossufo alipiga honi tangu kwenye kona ya msikiti, na alipofungua turubai watu waliona ile kamba nyekundu wakapiga vigelegele. Mama Mkubwa Zaquia alicheza mbele ya lori, yeye na kiuno chake kibovu, akiimba, "Amisse karudi, aliyemchoma yuko wapi!" Mama alitoka ndani. Alipokea mzigo kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama unavyopokelewa wewe mwenyewe, akamwambia Ossufo, "Mwambie kaka yangu nimepokea." Ossufo akamwinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Ancha, nguruwe wako mwaka huu wana miguu miwili, eh?" Mama akamwambia aende, lori lake linavuja mafuta.

Wanawake wakasema, "Gawa sasa!" Mama akajibu, "Zimesafiri. Wacheni zipumue." Akaziweka kivulini nyuma ya jiko. Wakaondoka wakinung'unika kwamba Ancha sasa ananyima hata kisicho chake.

Siku ya pili yake tulikuwa tunatandaza unga mkekani. Nikamwuliza, "Mama, pingili hizi mbona huzigawi?"

"Zinapumua."

"Mama, zinaumwa?"

Alinyoosha unga kwa vidole, taratibu, kama anayempangusa mtoto mchanga. Kisha akasema, "Zile za kwanza ziliumwa. Hizi zimetoka shina lile lile."

Hapo ndipo nilipofahamu, Mjomba. Nilikuwa nimeandika yote katika barua yangu ya kwanza, na nilikuwa sijasoma nilichokiandika. Dona Felismina alipouliza muhogo ulitoka kwa nani, Mama alisema "kwangu" kabla mtu mwingine hajataja jina lako. Waliosema mkono wake ni mbaya aliwaacha waseme. Alijua tangu siku alipokata ule wa kwanza.

Nikamwambia, "Kwa nini usiseme? Wanakutukana wewe!"

"Mkono mbaya unabebeka. Nauosha naendelea na kazi. Mjomba wako hana mtoto, Muaija. Ana muhogo. Nimwambie na huo umeoza?"

"Lakini wakija kudai pingili utawaambia nini?"

"Nitasema nguruwe."

"Mama, nguruwe wanakula vijiti vikavu?"

Alicheka, Mjomba. Alicheka mpaka unga ukatikisika mkekani, nami nikacheka. Kisha akafuta macho kwa kiganja, na msiro wote ukamtoka upande mmoja. Akasema hajui atafanyaje. Sijawahi kumsikia Mama akisema neno hilo, hata ule mwaka Baba alipofariki. Akaniambia, "Usimwandikie." Nami nikaitika.

Lakini sikuweza kukaa. Alhamisi Mama Mkubwa alikuja kwa fungu lake, wa kwanza, na kisu cha kukatia kiunoni. Mama alikuwa kisimani. Nikamwambia, "Mama Mkubwa, twende kwanza tukatengeneze mahali pa kupanda, nikusaidie." Akafurahi, akaniita mtoto mwenye adabu kuliko mama yake. Tulipofika shambani kwake nikamwomba tung'oe mashina ya katikati, si yale ya ukingoni ambayo huchimba kila siku. Shina la kwanza lilikuwa zima. Akanitazama kwa pembe ya jicho, "Ulitaka kuona nini?" La pili lilikuwa na madoa. La tatu alilikata yeye mwenyewe, akalikata tena, akatafuta kipande cheupe na hakukipata. Akaendelea kung'oa mpaka akachoka, akakaa juu ya tuta.

Unamjua Mama Mkubwa. Nilingoja apige kelele. Akaniuliza tu, kwa sauti ndogo, "Kwangu pia?" Akaufuta mzizi udongo kwa kanga yake, kana kwamba unaweza kusafika. Kisha akasema, "Ancha alinigawia alicholetewa. Haya ameyapata yeye, nimeyapata mimi. Ni nani aliyemletea?" Akatazama ile miti mirefu yenye jina lako. Akafahamu upesi kuliko mimi.

Tulirudi. Mama alikuwa amefika na ndoo. Mama Mkubwa akamtupia ule mzizi miguuni.

"Ulijua!"

"Nilikuambia ung'oe."

"Ulinambia ning'oe, hukunambia ugonjwa umetoka kwa kaka! Watoto wangu watakula nini mwaka huu, Ancha? Watakula heshima ya Amisse? Wataichovya kwenye mchuzi?"

Mama alisimama tu, maji yakimwagika kwenye ndoo iliyoinama. Nilimwonea huruma, lakini Mama Mkubwa alikuwa na haki, na nadhani Mama aliliona hilo. Mama Mkubwa akageuka kwenda bandani kuwatangazia watu. Mama akaidondosha ndoo, akamshika pindo la kanga.

"Dada. Ni kaka yetu."

"Najua ni kaka yetu!"

"Watamcheka."

"Na wacheke!"

Lakini hakwenda. Walikaa chini wote wawili pale penye tope, wakalia kwa ajili yako, Mjomba, na wakati mwingine wakakutukana kidogo, samahani, nimeapa kusema yote. Mama Mkubwa alisema, "Mjinga yule, na kamba yake nyekundu." Mama akasema, "Kamba nzuri, usiitupe." Mama Mkubwa ameahidi kunyamaza mpaka Idi. Baada ya Idi, amesema, mdomo wake hauaminiki.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye shida yenyewe. Nilimngoja Dona Felismina njiani nikamwuliza bila kutaja mtu. Amesema yule aliyetoa pingili hana kosa wala aliyezileta hana kosa. Muhogo unaweza kusimama shambani, mrefu, umejaa majani, na ugonjwa umo ndani umelala. Hata mzee wa mashamba ya chumvi pengine hajui bado. Lakini wapo wadudu weupe wadogo wanaoruka kutoka shamba moja hadi jingine, nao huubeba. Ukibaki muhogo mmoja mgonjwa katikati yetu, safari inaanza upya. Muhogo wa Bibi unahimili, lakini nao haupandwi katikati ya wagonjwa. Pingili zake Mama amezipanga, zinatosha kila nyumba kuanza, kila nyumba kidogo. Yuko tayari kufundisha kila mtu kuukata, kuuanika na kuulaza ule unga mpaka uwe salama. Ameshamwambia Mama Mkubwa, na Mama Mkubwa amekubali kulaza unga, ila amesema akitaniwa atapigana. Wote wang'oe tu kwanza, kabla ya mvua. Na mawingu yameanza kukaa upande wa Memba.

Nani atawafanya wang'oe, Mjomba? Wamemkataa Mama kwa sababu mkono wake ni mbaya. Dona Felismina wamemkataa kwa sababu ni mgeni. Mimi ni mtoto wa darasa la saba. Mtu pekee ambaye watu wa Namirupa watang'oa muhogo wa Amisse kwa neno lake ni Amisse.

Nimefikiri sana juu ya hilo uliloandika, kwamba wenzako wameacha watoto na wewe umeacha muhogo. Mimi ni mtoto, kwa hiyo labda sijui. Lakini ni nani aliyeninunulia sare? Ni nani aliyesema nisiolewe kabla ya kumaliza shule, wazee wote wakakasirika? Kila ninapoandika jina langu juu ya daftari, nusu ya mkono ni wako. Na jambo jingine: muhogo mchungu wa Bibi hauna jina. Mama anasema muhogo huchukua jina la mkono ulioutoa. Nilimwuliza kama basi utaitwa Ancha. Akasema, "Mimi nimeshagawa mara moja, yatosha. Ungoje mkono mwingine." Hakusema wa nani. Lakini alipokuwa akisema, alikuwa anatazama barabara ya Nacala.

Mzigo wako bado uko nyuma ya jiko. Mama hataupanda kamwe, na kuuchoma hawezi. Kila asubuhi anaunyunyizia maji, kabla hata hajanawa yeye, kwa sababu ni zawadi yako na hapendi ikauke. Nimemwona akifanya hivyo, naye hajui kwamba nimemwona. Nikiwa mkubwa nataka niwe na moyo kama ule, lakini nisinyamaze kama vile.

Ossufo anapita tena Jumanne kwenda na Ijumaa kurudi. Nijibu kwa mkono wake, neno moja latosha. Umesema ghalani kwako gunia lenye fukusi linatoka, hata liwe na jina la nani.

Mjomba, je, hata likiwa na jina lako?

Mpwa wako, aliyevunja ahadi moja ili ashike nyingine,
Muaija